"Nadhani ni huyu"

Nilimwona mwizi kwa sekunde chache tu, usiku, taa ya pikipiki yake ikinimulika usoni. Wiki tatu baadaye, kwenye gwaride la utambuzi, ambapo shahidi huonyeshwa mstari wa watu ili amtambue mhalifu, nilimgusa bega mtu wa nne. Nilisitasita. Askari akaninong'oneza, "Umepatia." Neno hilo moja liliniharibu. Nilipopanda kizimbani kutoa ushahidi, kusita kote kulikuwa kumeyeyuka. Niliapa kwamba sura ile siwezi kuisahau.

Wakili wa utetezi hakuniita mwongo. Aliniuliza tu: mwanga ulitoka wapi, umbali ulikuwa gani, ulimtazama kwa muda gani, ulimfahamu kabla? Ni maswali ya kesi ya Turnbull, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1976, na mahakama nyingi zilizorithi sheria za huko huyatumia hadi leo. Sikuwa na jibu la kueleweka hata moja. Yule kijana akaachiwa, nami nikakasirika, tena sana.

Hasira iliniisha niliposoma habari za Ronald Cotton wa Marekani. Mwanamke aliyebakwa alijitahidi kuikariri sura ya mhalifu, akamtambua Cotton kwa uhakika kabisa. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi kipimo cha DNA kilipomwondolea hatia mwaka 1995.

Mimi nilikuwa na sekunde chache!

Ninachodai ni hiki: anayesimamia gwaride asijue mshukiwa ni yupi, na maneno ya kwanza ya shahidi yaandikwe palepale, kama yalivyotamkwa. Yangu yalikuwa, "Nadhani ni huyu." Hayakufika mahakamani.