Goti la ACL: nyoosha kwanza, kukunja kutakuja

Swali linaloulizwa sana baada ya upasuaji wa ACL, yaani kupandikiza kano mpya mahali pa ile iliyokatika katikati ya goti, ni lini goti litakunjika. Si la haraka. Kukunja hurudi taratibu kwa wengi. Kunyoosha ndiko kunakopotea, na kukishapotea kwa miezi, wakati mwingine inabidi kurudi kwa daktari akaondoe kovu lililoota mbele ya kano mpya.

Kwa hiyo wiki 2 za kwanza pambana na hilo: goti linyooke sawa na la pili. Weka kisigino juu ya taulo iliyoviringishwa, chini ya goti pabaki wazi, uache uzito wa mguu ulishushe kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Mto chini ya goti ni marufuku. Unaleta raha kweli, kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo, na hapo hapo ndipo linapokakamaa.

Sambamba na hilo, amsha msuli wa mbele ya paja. Uvimbe ndani ya goti huzuia neva kuuamuru, kwa hiyo mtu akishindwa kuukaza asiitwe mvivu. Kaza paja kama unayelikandamiza goti kitandani, shikilia sekunde 5, rudia mara 10, halafu tena baadaye, siku nzima. Ukiweza, inua mguu ukiwa umenyooka. Kisigino kikinyanyuka huku goti likilegea na kukunjika, msuli bado umelala, na magongo hayajaachika. Ukiyatupa mapema utazoea kuchechemea, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa. Aliyeshonwa meniski, yaani gegedu la kati ya mifupa ya goti, ana masharti yake kuhusu kukanyagia mguu na kuchuchumaa; hapo afuate neno la aliyemshona.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, huenda damu imeganda. Homa pamoja na goti jekundu lenye joto na maumivu yanayozidi huashiria maambukizi. Yote mawili ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Uliza pia kano mpya ilichukuliwa wapi. Kama ni nyuma ya paja, usikunje goti dhidi ya uzito wiki za mwanzo, maana msuli uliotolewa kano unaweza kuchanika ukiharakishwa. Kama ni chini ya kifuu cha goti, tarajia maumivu ya mbele, hasa ukipiga magoti.

Sasa sehemu inayowaponza watu. Kano iliyopandikizwa huanza bila mishipa ya damu. Seli zake nyingi hufa, kisha mishipa na seli mpya huingia na kuijenga upya. Katikati ya kazi hiyo, takriban wiki ya 6 hadi ya 12, huwa dhaifu kuliko siku ilipofungwa. Wakati huo huo uvimbe umeisha, mwendo umenyooka, na mwenye goti anajiona mzima. Goti halimpi onyo lolote.

Kukimbia kwa wengi huanza mwezi wa 3 au wa 4, mradi goti limenyooka kabisa na halivimbi. Kipimo kizuri ni asubuhi inayofuata: likiamka limevimba, punguza mzigo, hata kama jana hukusikia maumivu.

Michezo ya kugeuka ghafla kama soka isubiri angalau miezi 9, na nguvu ya paja ifike asilimia 90 ya mguu wa pili. Usiridhike na kipimo cha kuruka mbali kwa mguu mmoja peke yake, kwani nyonga na kifundo cha mguu hubeba kazi ya paja dhaifu na umbali ukaonekana mzuri. Pima paja lenyewe kwa mashine. Na hata hiyo asilimia 90 itazame kwa jicho kali, kwa sababu mguu wa pili, ule usioumia, nao umepoteza nguvu kwa miezi yote ya kukaa nje.