Siku mauzo ya mzee yalipogeuka hasi

Hii ilikuwa Novemba 2015, mimi ndo kwanza nimeanza Java, lugha ya kuandikia programu, kabla ya hapo nilikuwa nachezea chezea Python tu, nayo ni lugha ya programu, binamu yangu anayefanya kazi Kariakoo akanipigia simu eti kuna mzee ana duka la jumla, sukari, mchele, mafuta ya kula, na kompyuta yake imeanza kusema anadaiwa.

Nikafika. Shikamoo mzee, marahaba kijana, hebu kaa hapo uone mwenyewe. Kwenye skrini jumla ya mauzo tangu Januari imekaa hivi: -2,089,667,296. Sasa mauzo yanakuwaje hasi? Unaweza usiuze kitu, ukapata sifuri, lakini chini ya sifuri unafikaje? Na mzee anaapa mwisho wa Oktoba ilikuwa bilioni mbili, safi kabisa, aliiona kwa macho yake.

Ila kilichonitia jotojoto ni dada wa kaunta. Yeye ndo aliyekuwa anaingiza risiti, na mzee alishamwambia akae nyumbani kwanza, kwa sababu kwa akili yake namba haiwezi kugeuka bila mkono wa mtu.

Jamaa aliyeandika ile programu simu haipatikani, bahati nzuri faili zake za Java alikuwa kaziacha humo humo. Nikazipitia natafuta sehemu ya kutoa, hakuna, kuna kujumlisha tu, yaani mstari mmoja unaosema jumla += kiasi, maana yake ongeza kiasi kwenye jumla, na juu yake int jumla = 0, yaani jumla ni namba nzima inayoanzia sifuri. Hamna ujanja hapo. Nikamwomba mzee kauntabuku, maana yule dada alikuwa anaandika kila kitu mara mbili, kwenye mashine na kwa mkono, tukakaa na kalkuleta mzee anasoma mimi nabonyeza, ikatoka 2,205,300,000.

Nikaamua kuilazimisha programu itoe jumla siku kwa siku. Ikapanda vizuri tu hadi katikati ya Novemba, 2,141,900,000, kesho yake wameuza 7,350,000, na mstari unaofuata ukasoma -2,145,717,296. Hapo ndo nikashtuka, maana haikupungua kidogo kidogo kama mtu anayedokoa, imeruka kutoka juu kabisa ikaangukia chini kabisa kwa risiti za siku moja!

Kumbe int ya Java ina biti 32, yaani vijisehemu 32 vya sifuri au moja, mwisho wake ni 2,147,483,647, ukiongeza moja tu inazunguka inakuja -2,147,483,648 na inaendelea kuhesabu kutokea huko, bila kosa lolote kutokea, bila onyo, kimyaa. Python nilikotoka namba nzima inajitanua yenyewe kadiri inavyokua, kwa hiyo sikuwahi hata kuwaza kwamba namba inaweza kujaa. Na mifano yote niliyosomea ilikuwa ya dola, mshahara elfu tatu, kitabu dola ishirini, huko int unaiona kama bahari. Kwa shilingi ni habari nyingine bwana, kwa bei ya dola ya wakati ule ukomo wa int ulikuwa kama dola milioni moja hivi, na duka la jumla la kawaida tu Kariakoo linaupita kabla mwaka haujaisha.

Nikamwambia mzee chukua hiyo namba ya kwenye skrini, ongeza 4,294,967,296, maana ndo mzunguko mzima wa biti 32. Akabonyeza mwenyewe taratibu. 2,205,300,000. Hata shilingi haikupotea. Risiti moja moja zilikuwa sawa siku zote, ni ile jumla tu ilikosa pa kukaa.

Kurekebisha nako kulikuwa na visa vyake. Nimebadilisha int kuwa long, aina ya namba nzima yenye nafasi kubwa zaidi, Java ikakataa kabisa kwenye sehemu nyingine iliyokuwa inarudisha int, inasema long haiingii humo, inaweza kupoteza kitu. We ndo unajua kulalamika leo? Halafu kuna hesabu ya thamani ya stoo, idadi mara bei, jibu nimeliwekea long na bado nikijaribu 50,000 mara 50,000 inaniletea -1,794,967,296. Hii ilinila jioni nzima. Kumbe idadi na bei zenyewe bado ni int, Java inazizidisha kama int, zinaharibika kwanza, ndo jibu bovu linahamishiwa kwenye long. Mpaka moja kati ya hizo mbili iwe long kabla ya kuzidisha.

Mzee akauliza, sasa hiyo long nayo itajaa lini? Nikapiga hesabu, mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807, kwa mauzo yake ya bilioni mbili na milioni mia nne, yaani 2,400,000,000 kwa mwaka, itachukua zaidi ya miaka bilioni tatu. Akasema basi inatosha.

Kesho yake dada wa kaunta akaitwa. Mzee akamweleza ilikuwa kompyuta bwana, wala si wewe, yameisha, rudi kazini. Dada akaweka pochi yake juu ya kaunta, akamtazama, akasema haya nimesikia, na zile siku nilizokaa nyumbani naingiza kwenye mashine au kwenye kauntabuku?