Usiseme ni uzee tu

Lamu, Jumatano jioni

Liko jibu moja linaloniuma kila nikilisikia, liwe la mtaa wa Mkomani au wa Langoni: bibi amekonda, hali chakula, hataki kutoka, na watu wa nyumbani wanasema "ni uzee". Uzee hupunguza hamu kidogo. Lakini mtu mzima aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, anastahili kutafutiwa sababu. Na aghalabu sababu haiwi moja. Maradhi, lishe duni, huzuni na usahaulifu hushikana, kila kimoja kikikivuta chenzake.

Pa kuanzia ni sahani inayorudi jikoni. Mchuzi umekwisha, nyama imetafunwa ikatemwa pembeni, mkate wa mofa haukuguswa: hayo ni meno, au meno ya bandia yaliyolegea kwa kuwa ufizi nao umekonda. Akikohoa kila akinywa maji, au sauti ikawa ya majimaji baada ya tonge, umezaji una kasoro na chakula kinaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali, na kwa sasa alishwe akiwa amekaa wima, abaki hivyo nusu saa baadaye. Chakula kikirudi kizima, kimepoa, uliza alikula na nani.

Majumba yetu ya ghorofa yana ngazi za mwinuko mkali. Mzee anayelala juu, choo kiko chini, huacha kunywa maji tangu alasiri ili asishuke usiku. Akiwa anameza dawa ya presha inayokojoza, ndiyo kabisa. Mwili unakauka, kichwa kinazunguka, kinyesi kinakuwa kigumu, hamu inakatika. Ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda na taa ndogo humsaidia kuliko chupa ya vitamini.

Kama hawezi kufika kwenye mizani, chukua utepe wa fundi cherehani. Tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, mkono uning'inie, uzungushe bila kubana. Chini ya sentimita 23.5, yaelekea ni mwembamba kupita kiasi.

Hospitalini nendeni na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za miti shamba pia. Metformini ya sukari na digoksini ya moyo huweza kuua hamu ya kula. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Msimwachishe wenyewe, aulizwe daktari. Ombeni apimwe sukari, damu, figo, tezi ya shingo, kifua kikuu na VVU. Kifua kikuu cha mzee huweza kuja kwa kukonda tu, kikohozi kidogo au hakuna. Na VVU havichagui umri; kuona haya kumpima bibi ni kumnyima dawa.

Huzuni nayo ipimwe kwa uzito uleule. Aliyefiwa na mwenzake, akaacha baraza, akaacha redio yake, aulizwe waziwazi kama bado kuna kinachompendeza, na kama hutamani asiamke kesho. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Chakula sasa. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku, na zaidi akiwa mgonjwa. Yai lina 6 hivi, bilauri ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 karibu 20. Wali mtupu na chai ya rangi havimfikishi. Mpe kidogo kidogo, mara tano au sita: uji wa mtama wa maziwa, bokoboko laini lenye samli, samaki aliyechambuliwa miiba akatiwa tui. Asiyeweza kufunga Ramadhani ameruhusiwa kula na kutoa fidia. Wanawe wamwambie mapema.

Ila aliyekaa siku 5 au zaidi bila kula cha maana asishindiliwe. Mwili ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya potasiamu na fosfeti hushuka katika damu na moyo unaweza kuyumba. Huyo aanzishiwe hospitalini, polepole.

Misuli hairudi kwa chakula peke yake. Ainuke kitini na kukaa mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu.

Apimwe kila wiki, siku ileile, nguo zilezile. Mwezi ukipita na uzito bado unashuka, rudini. Wapo ambao maradhi yao hayana tena tiba. Hapo muulizeni daktari wazi kama huu ni mwisho, ili aache kulazimishwa kijiko na mshughulikie maumivu yake, kinywa chake kikavu na ngozi yake isichubuke.