Kisanduku cha spea: siku yangu moja kama fundi kwenye mechi ya bastola, Arusha

Saa 10:30 alfajiri

Julai Arusha baridi inauma, na hii ni saa ya chai ya tangawizi, si ya kufungua bastola. Bastola ya mechi ilisafishwa juzi, ikapigwa risasi 50 za majaribio, na tangu hapo haijaguswa. Bastola nyingi zinazogoma kwenye kituo cha kwanza cha kupigia shabaha zilikuwa nzima mpaka usiku wa kuamkia mechi, mwenyewe alipozifungua "kuzisafisha kidogo". Springi ya slaidi inarudishwa imekaa upande, au mafuta yanamwagwa mpaka yanachuruzika kwenye tundu la pini ya kugonga. Mafuta mazito, baridi na vumbi vikikutana humo ndani, pini inagonga kivivu na risasi hailii.

Ninachokagua alfajiri ni kisanduku. Nchi nyingine mlengaji hubeba bastola ya pili inayofanana na ya kwanza, mambo yakaisha. Kwetu kila silaha ina kibali chenye jina la mwenyewe, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo bastola si kitu cha kumwazima jirani kwenye mstari. Wachache sana wana mbili za aina moja, na hao nao, kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mechi hizi, zinawataka waombe ruhusa ya mkuu wa uwanja kabla ya kubadilisha katikati ya mechi. Kwa wengine wote, bastola ya akiba ndiyo hiki kisanduku cha plastiki.

Ndani naweka vitu vinavyovunjika kweli: kivuta ganda na springi yake, pini ya kugonga na springi yake, springi ya slaidi, springi inayorudisha kifyatulio. Kwa bastola za muundo wa CZ 75 naongeza pini ya kuzuia slaidi, maana hiyo hupokea kishindo cha kila risasi na ikichoka inakatika katikati. Pia vipini vidogo vya kukunja vinavyoshika pini ya kugonga. Anayefanya mazoezi mengi ya kufyatua bila risasi anavimaliza vipini hivyo bila kujua, kwa hiyo naweka vitatu. Halafu vitoa pini vya milimita 1.5, 2 na 3, nyundo ndogo, spana za L, bisibisi, gundi ya buluu ya kushika skrubu, chupa ya mafuta ya cherehani, mswaki wa zamani. Kila spea iko kwenye mfuko wake wa nailoni wenye jina la bastola, na kila moja ilishafungwa kwenye bastola hiyo na kupigwa risasi kabla ya kuingia humu. Kivuta ganda kipya kabisa mara nyingi hudai kupigwa tupa kidogo, na hiyo si kazi ya kufanyia juu ya boneti.

Saa 12:00 asubuhi

Betri. Kilenga cha nukta nyekundu kwa kawaida hutumia betri ya kidonge, CR2032 au CR1632, na hizo 2032 utazipata kwenye maduka ya vifaa vya simu kwa sababu rimoti nyingi za magari hutumia hizohizo. Napima kila moja kwa multimita. Mpya inasoma volti 3.2 hivi, ikisoma chini ya 3.0 ikiwa bado kwenye pakiti, hiyo imelala dukani muda mrefu, irudishe. Betri za vizuia sauti vya masikioni nazo napima, kwa sababu mtu asiyesikia amri vizuri ni hatari kwake na kwa wenzake.

Skrubu za kilenga zimepakwa alama ya rangi ya kucha, mstari mmoja unaopita kwenye skrubu na kwenye slaidi. Asubuhi natazama tu. Mstari ukiwa umevunjika, skrubu imezunguka, na kilenga hicho hakiko tena pale kiliporekebishwa kilingane na risasi inapopiga. Rangi nyekundu inaonekana vizuri zaidi. Waulizeni dada zenu, chupa moja inamaliza miaka.

Saa 1:30

Njiani. Kilomita za mwisho ni vumbi tupu, lile vumbi jembamba la kiangazi linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Bastola iko kwenye mkoba wenye zipu, magazini ziko kwenye mfuko wa pili uliofungwa. Risasi zinakaa chini ya kiti, siyo juu ya dashibodi. Baruti nyingi hubadilika nguvu kwa joto, na risasi iliyookwa juani haitapiga sawa na ile iliyopima vizuri asubuhi.

Saa 2:30

Kipimo cha kasi, yaani waamuzi wanapima nguvu ya risasi zako. Hesabu yake ni rahisi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,030 inatoa 127.7. Inapita, lakini mimi simruhusu mtu aje na hiyo. Mitutu inatofautiana, na baridi ya asubuhi inaweza kula futi kadhaa. Lenga 130 na zaidi. Anayeshindwa hapa hafukuzwi, anaruhusiwa kupiga vituo vyote, ila hapati alama hata moja. Ni safari ndefu ya bure.

Idadi ya risasi nayo ni sehemu ya vifaa. Mechi ikitangaza risasi 140, bebeni 210. Na zile za mechi zote zidondoshwe moja moja kwenye mtutu uliotolewa: izame yenyewe hadi mwisho, itoke yenyewe ukigeuza. Inayosita, itengwe kwa mazoezi. Kazi hiyo inafanyika nyumbani, kwa sababu kwenye eneo la usalama la uwanjani unaweza kufungua bastola na kuitengeneza, lakini risasi hairuhusiwi kabisa, hata ile ya bandia. Wageni wengi wameondolewa mechini kwa kosa hilo tu.

Saa 3:15

Walengaji wanajipanga chini ya paa la bati na lalamiko la kwanza halichelewi: "Nukta haionekani!" Kilenga kizima, betri nzima. Kimewekwa kijirekebishe mwanga chenyewe, kikajipima kivulini, mlengaji anatazama shabaha zilizo juani. Tumieni mwanga wa kuweka kwa mkono, ngazi moja juu ya ile inayopendeza macho mkiwa kivulini.

Saa 4:00 hadi saa 7:00

Hapa ndipo kazi ilipo, na sehemu kubwa yake haihusu bastola. Inahusu magazini.

"Shikamoo fundi, bastola inagoma."

"Marahaba mwanangu. Imegoma na magazini namba ngapi?"

"Sijaangalia."

Basi hatujui kitu. Magazini zote ziandikwe namba kwa rangi nyeupe kwenye kitako. Bastola ikikwama mara mbili na namba 4 peke yake, bastola ni nzima. Namba 4 iende chini kabisa ya mfuko. Ikikwama na namba zote, ndipo tunatazama kivuta ganda. Ganda lililosimama wima kwenye tundu la slaidi mara nyingi linaniambia kivuta ganda kimejaa uchafu au kimelika, au mkono umelegea. Risasi mbili zinazogombania chemba moja: midomo ya magazini imepanuka, au ganda la kwanza halikuvutwa. Slaidi isiyofunga mpaka mwisho: uchafu chembani, springi iliyochoka, au risasi iliyokwepa ule ukaguzi wa mtutu.

Magazini inayoanguka vumbini wakati wa kubadilisha haipandishwi mkandani hivihivi. Vua kitako, toa springi na kisukumio, pitisha brashi ya kuoshea chupa za mtoto mara mbili, futa kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta humo ndani. Mafuta na vumbi letu vinageuka kuwa matope. Kwa divisheni ya Production, ambako magazini hubeba risasi 15, kituo kirefu cha risasi 32 kinadai magazini tatu hata usipokosa shabaha moja. Mbili ni 30 tu. Njoo na sita, ili tatu zisafishwe huku tatu zikifanya kazi.

Bastola ikikwama katikati ya kituo, hakuna kurudia. Saa inahesabu. Kidole nje ya kifyatulio, mdomo wa mtutu kuelekea kwenye tuta la kuzuia risasi, piga kitako cha magazini, vuta slaidi kwa nguvu, endelea. Isipokubali: toa magazini, vuta slaidi mara tatu, weka magazini nyingine, vuta slaidi tena. Una dakika mbili, ingawa ukifika hata sekunde ishirini alama za kituo hicho zimeshakwenda. Zoezi la kukwamua lifanyike kila wiki kwa risasi za bandia. Wengi wanalidharau, na ndilo linaloonekana zaidi siku kama ya leo.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage. Nakagua skrubu za ala za bastola na za mifuko ya magazini, maana kukimbia kunazilegeza, na bastola iliyojaa ikidondoka toka kwenye ala mechi yako imeishia hapo. Tone la gundi ya buluu linatosha.

Saa 8:40

Badala ya mlio tunasikia "pu". Refarii anamsimamisha mlengaji papo hapo, na ni sawa kabisa: risasi isiyo na baruti ya kutosha huweza kubaki ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu unapasuka. Magazini inatolewa, chemba inahakikishwa ni tupu, slaidi inavuliwa. Fimbo ya shaba ya milimita 8 inaingizwa kutoka mdomoni mwa mtutu, nyundo inagonga taratibu, risasi inarudi ilikotoka. Fimbo ya chuma inakwaruza, msitumie. Baadaye natazama mtutu dhidi ya mwanga. Nikiona kivuli cha pete ndani, umevimba, na bastola hiyo leo haipigi tena. Anayesimamishwa kwa sababu hii na risasi ikakutwa kweli mtutuni harudii kituo. Mtutu ukikutwa mtupu, anarudia.

Saa 11:00 jioni

Daftari. Kwa kila bastola naandika idadi ya risasi za leo na jumla yake, kilichokwama, namba ya magazini, spea iliyotumika. Springi ya slaidi ya bastola ya pili daftarini imefika risasi 4,600. Hiyo inabadilishwa wiki hii, kisha risasi 50 za majaribio. Kivuta ganda kimoja kimetumika, na kinachofuata kinaagizwa leo hii, kwa sababu spea hizi hazipo Soko Kuu na mzigo kutoka nje haujali tarehe ya mechi yetu. Magazini namba 4 naipaka mstari mwekundu. Itakuwa ya mazoezi mpaka ipate springi mpya.