Chupa na Sarafu

Leo siku ya nne, na bado nakisikia kile kicheko cha puani cha yule sonara.

Ile pete mnaijua: ya marehemu bibi yake Baba Nuru, niliyovishwa na Mama Mkwe mbele ya mawifi wote. Wifi mkubwa akanung'unika kwamba kitu kama hicho huwekwa kabatini, nami nikamjibu kwa kujidai, "Almasi haivunjiki, wifi." Basi Jumatatu najipaka mafuta, jiwe likanikwaruza shavu. Kuangalia, pembe moja imemeguka. Kipande kilichotoka hakifiki punje ya chumvi.

Sonara aliisogeza pete kwenye lenzi, akaigeuza mara mbili.

"Uliigonga wapi, mwanangu?"

"Sikuigonga, mzee. Na hata ningeigonga, hii si almasi?"

Ndipo akacheka. "Chupa na sarafu ya shaba, kipi kigumu?"

"Sarafu."

"Chupa ndiyo inayoikwaruza sarafu. Haya, nenda kaziangushe zote mbili sakafuni."

Nikashukuru, nikatoka. Tangu hapo namjibu peke yangu bafuni, majibu makali kweli kweli, yote yamechelewa. Kinachoniuma si pete. Ni lile "sarafu" nililolitamka bila hata kupepesa, mimi ninayeshinda kutwa nikisahihisha hesabu za wenzangu. Mdogo wangu kajifungua mapacha Jumatano, ukaguzi wa ofisini umepita salama, na mimi bado niko kwenye sarafu.

Jana usiku uzalendo ukanishinda. Nikachukua kigae cha ile fremu iliyovunjika tulipohama, nikamenya waya wa umeme, nikapitisha kioo juu ya shaba. Ukatokea mstari mwembamba, mwekundu, unaong'aa. Nikarudia. Nikamwamsha Baba Nuru aje aone. Alisema "sawa" na kugeukia ukutani.

Kumbe ule mizani wa Mohs wa kupimia ugumu wa mawe, wa tangu 1812, unauliza swali moja tu: nani anamkwaruza nani? Almasi imekaa kwenye 10, rubi na yakuti kwenye 9, na pengo lao halisi ni kubwa kuliko hiyo namba moja. Nyundo haimo kabisa katika swali hilo. Atomi za kaboni zimejipanga kiasi kwamba almasi ina pande nne za kupasukia, kama gogo linavyofuata nyuzi zake. Jedi, jiwe jingine la mapambo ambalo almasi inalikwaruza bila shida, huvumilia kipigo kuliko hiyo almasi. Wakataji walilijua hilo zamani: mwaka 1908 kule Amsterdam, Joseph Asscher aliipasua Cullinan, almasi ya karati 3,106, kwa kisu na pigo. Mara ya kwanza kilichovunjika ni kisu. Sijui ni almasi ngapi za kweli zilizosagwa na watu waliozipiga nyundo ili wahakikishe si bandia.

Hapo nilikuwa nacheka peke yangu, ndipo nikakumbuka Jumapili: nasuuza sufuria, mkono ukagonga bomba, *ting*. Nikaendelea kusuuza.

Mzee alikuwa sahihi. Nitampelekea ule waya, nadhani atafurahi. Wifi sijamwambia, na msimwambie.

Yule pacha wa pili bado hafungui vizuri jicho la kushoto. Mdogo wangu anasema ni usingizi.