Jinsi nilivyoihamisha draiva ya kadi ya maabara nje ya kerneli

Kila anayesikia kwamba ninatunza draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) ya kadi ya kuhesabia mapigo ya umeme katika maabara moja ya madini hapa Lubumbashi hunipa shauri lilelile: "Fundi, mashine ikitembea usiiguse. Bakiza kerneli ya zamani, zima masasisho, ulale." Kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta hiyo. Wengine walionipa shauri hilo ni wakubwa zangu katika kazi, nami huwaitikia "ndiyo, papa" kwa heshima zote, lakini ni shauri bovu. Kompyuta ya maabara iko kwenye mtandao kwa sababu majibu ya vipimo hutumwa kwa wateja, na umeme wetu unavyokatika na kurudi, ubao mama hauishi miaka mingi. Ulipoungua, nilinunua kompyuta ya mitumba yenye sloti ya PCI, tundu la kuchomekea kadi kama hiyo, katika mtaa wa Kenya wa hapahapa Lubumbashi, kwa pesa isiyofika dola mia, na ile kerneli ya zamani haikuitambua hata kadi yake ya mtandao.

Kadi yenyewe imejengwa juu ya chipu ya PLX 9030. Hupokea mapigo kutoka kwenye kigunduzi cha eksirei, na kwa mapigo hayo ndipo mkemia anapojua unga wa jiwe una shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Draiva niliyoikuta ilikuwa na maelfu ya mistari na yote iliishi ndani ya kerneli, hata hesabu za kusawazisha vipimo, ambazo mwandishi wake alizifanya kwa namba nzima zilizozidishwa kwa elfu kwa kuwa kerneli haipendi hesabu za desimali ndani yake.

Linux haijaahidi kwamba funksheni zake za ndani, yaani vipande vya msimbo ambavyo draiva huviita kwa jina, zitabaki vilevile. Ahadi yake ni kwa programu zinazokaa nje ya kerneli. Kwa hiyo toleo la 5.0 la mwaka 2019 liliiondolea funksheni ya access_ok hoja moja (thamani ambayo mwitaji huipa funksheni), toleo la 5.6 la mwaka 2020 likafuta ioremap_nocache na kudai muundo mpya kwa faili za /proc, na toleo la 6.4 la mwaka 2023 likaipunguzia hoja class_create. Draiva ile ilitumia hizo zote. Kila mara ilikataa kukompailiwa, na kila mara niliitwa.

Dawa ipo katika Linux tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007, nayo inaitwa UIO: moduli ndogo, yaani kipande cha msimbo kinachopachikwa katika kerneli, hubaki ndani, na kazi iliyobaki hufanywa na programu ya kawaida inayofungua /dev/uio0. Hapo tena washauri walijaa. Wa kwanza alinihakikishia kwamba sihitaji kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu kuna uio_pci_generic inayofaa kadi zote. Niliandika namba za kadi katika faili ya new_id, ambamo moduli huambiwa ishike kadi ipi, nayo ikakataa kuishika. Moduli hiyo hudai kadi iwe na biti ya kuzima intarapti (ishara ambayo kadi huitumia kuiita kompyuta ije kuisikiliza), biti iliyoletwa na toleo la PCI 2.3, na kadi yangu haina.

Basi achana na intarapti, akasema. Ramanisha resource0, yaani ifanye kumbukumbu ya kadi ionekane ndani ya programu kupitia faili hiyo, na usome rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya kadi) katika mzunguko usiokoma. Hilo lilifanya kazi, na ndiyo hatari yake. Feni ilivuma kama kinu cha kusagia mahindi, lakini namba zilitoka safi, mpaka kompyuta ilipopata shughuli nyingine. Hapo programu ilichelewa kidogo tu, foleni iliyomo ndani ya kadi ikajaa, na mapigo yaliyofuata yakapotea bila kelele yoyote. Mkemia alipima sampuli ileile asubuhi na mchana, kisha akaja ameshika karatasi mbili: "Papa, hii shaba imeshuka yenyewe ao ni nyinyi mmeichukua?"

Mwingine alishikilia kwamba kipande cha ndani ya kerneli kisifanye lolote intarapti inapokuja, ila kirudishe jibu la "si yangu", programu ya nje itashughulika. Nilimwachia ajaribu kwenye kompyuta ya karakana. Laini ya intarapti ya PCI hubaki ikiita hadi kadi inyamazishwe, na kerneli ikiona kwamba 99,900 kati ya intarapti 100,000 hazina mwenyewe, huizima laini nzima. Laini hiyo ilitumiwa pia na USB. Kibodi ikafa mikononi mwake, naye akabaki akibonyeza vitufe huku akiniangalia.

Kilichofaulu ni hiki, na ninakieleza kwa kujisifu. Intarapti ikifika, moduli husoma rejista iliyo kwenye ofseti 0x4C ya chipu, yaani umbali huo kutoka mwanzo wa rejista zake. Isipokuwa biti ya hali (kadi imeita) na biti ya ruhusa (kadi inaruhusiwa kuita) zimewaka zote mbili, ishara ni ya kifaa jirani na ninajibu kwamba si yangu. Kama zimewaka, ninazima biti ya ruhusa na kujibu kwamba nimeishughulikia. Basi. Programu iliyokuwa inasubiri kwenye read huamka na kupewa baiti nne zenye jumla ya intarapti tangu mwanzo. Jumla ikiruka zaidi ya moja, najua kuna iliyonipita. Programu husoma foleni, kisha huandika 1 kwenye /dev/uio0, na kerneli huwasha tena ruhusa chini ya kufuli, yaani bila msimbo mwingine wa kerneli kuigusa rejista wakati huo. Programu ingeweza kuiwasha yenyewe kupitia kumbukumbu iliyoramanishwa, lakini kati ya kusoma rejista na kuiandika upya kerneli inaweza kuwa imeigusa, na anayeandika mwisho hufuta kazi ya mwenzake.

Mahali pengine panaposumbua ni eneo la rejista za PLX, ambalo lina baiti 128 tu na linaweza kuanzia katikati ya ukurasa wa kumbukumbu. UIO haikubali anwani isiyoanza mwanzoni mwa ukurasa, kwa hiyo moduli itaje mwanzo wa ukurasa, ukubwa uwe wa ukurasa mzima, na tofauti kati ya mwanzo wa ukurasa na mwanzo wa rejista iwekwe katika uga uitwao offs. Programu itaisoma chini ya /sys/class/uio/uio0/maps.

Moduli sasa ina mistari mia na ushei. Hesabu zinafanywa kwa desimali, na programu ikianguka inaanguka peke yake, kisha systemd, msimamizi wa programu katika Linux, huiinua tena. Kerneli imesasishwa mara nyingi tangu hapo na mkemia hana habari.

Jirani wa karakana aliniletea kadi ya kunasa video akitaka tiba hiyohiyo, nikamrudisha. Kadi yake huandika yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na UIO haina namna ya kuizuia isiandike mahali pasipo pake. Kadi za aina hiyo huenda kwa VFIO, njia nyingine ya Linux ya kuendesha kadi kutoka nje ya kerneli, iliyoingia katika toleo la 3.6 mwaka 2012, na VFIO hutegemea ubao mama wenye IOMMU (kifaa kinachoiwekea kadi mipaka ya kumbukumbu inayoweza kuigusa), ambao yeye bado anautafuta kwa bei ya mitumba.