Miguu Myeupe

Binti yangu alikuwa akitazama picha ya chatu aliyevimba tumbo, akaniuliza: akishameza, anaweza kutapika? Nikamwambia anaweza. Umejuaje? Nimeona. Akataka nimsimulie, nami nikamtuma akaoge.

Ni ule mwaka wa shimo la muhanga nyuma ya zizi. Muhanga mwenyewe alikuwa amehama zamani, na mashimo ya namna hiyo hayakai bila mpangaji: leo nungunungu, kesho chatu. Sisi watoto tulianza kuona gamba lake tu, limenasa kwenye miiba. Kaka akalinyoosha chini, akalipima kwa hatua, akatangaza urefu wa kutisha. Gamba hutanuka linapovuliwa, likawa refu kuliko nyoka mwenyewe, lakini hilo kaka hajalikubali hadi leo.

Mama alitaka tumwache. Hana sumu, alisema, na tangu aje panya wamepungua. Baba alitaka shimo lichomwe moto. Wakiwa bado wanavutana, mwanambuzi akapotea, yule mweusi mwenye miguu ya nyuma myeupe.

Kijana aliyekuwa akituchungia mbuzi aliitwa barazani.

"Umemuuzia nani?"

"Sijamuuza, mzee. Labda ni yule nyoka."

"Nyoka gani anakula mbuzi asiache hata unyoya?"

Basi chatu ndivyo alavyo. Meno yake yamepinda kuelekea nyuma, akishanasa haachii. Anajiviringisha na kubana mpaka damu ya mnyama inashindwa kuzunguka, kisha anameza mzima mzima, kichwa kwanza. Hamwagi damu, habakishi mfupa. Mtu aliyekulia karibu na mto kama Mama alipaswa kulijua hilo. Alikuwa amesimama mlangoni, akasikia swali, hakusema kitu. Pengine aliona kwamba akimtaja tu, shimo litachomwa. Pengine aliogopa kumpinga Baba mbele ya kijana. Jioni ile kijana alifungasha.

Siku chache baadaye chatu alionekana nje ya shimo, anaota jua, amevimba katikati. Baba alikwenda kutafuta mafuta ya taa. Mama akampeleka kaka mbio kuwaita askari wa wanyamapori, nao wakawahi.

Mmoja alimnyatia kwa nyuma, akambana shingo kwa fimbo yenye ndoano, wenzake wakamdaka kiwiliwili. Alitoa pumzi kama tairi lililotobolewa. Kisha askari wa mbele akapaza sauti: "Mlegezeni, anatapika!" Mwenye shibe namna ile hawezi kukimbia, kwa hiyo huutema mlo ili awe mwepesi. Wakarudi nyuma. Uvimbe ukaanza kusogea. Ulikwenda polepole sana, ukasimama, ukasogea tena, ngozi ikivutika hadi magamba yakaachana na katikati yake kukaonekana rangi nyingine. Taya zikafunguka kuliko nilivyodhani kitu chochote kinaweza kufunguka. Kwa kuwa alimeza kuanzia kichwani, iliyotangulia kutoka ni miguu ya nyuma, imenyooka, imelowa ute, myeupe. Halafu harufu. Halafu mgongo, na mwisho kichwa ambacho kilikuwa kimeshayeyuka, hakina sura. Tungeletewa kichwa peke yake, tungeweza kubisha.

Baba alikuwa ndiyo kwanza anafika na kidumu chake. Akaitazama ile miguu. "Kumbe," akasema, basi.

Chatu akatiwa guniani, akaenda kuachiwa mbali na watu. Shimo likafukiwa. Kaka alipelekwa kwa kijana na ujira wake uliobaki. Kama alipewa na neno la kumfikishia, hakumbuki. Anachokumbuka ni urefu. Askari walimpima mbele yetu, hakufika mita nne, lakini kwa masimulizi ya kaka tunapokutana sasa anaikaribia saba. Nikimwingiza kijana, naambiwa naharibu hadithi.

Juzi, baada ya swali la binti yangu, nilimpigia Mama simu. Nikamuuliza kama siku ile pale mlangoni alikuwa anajua.

"Nilijua panya watarudi," akasema.

Na kweli walirudi. Nikamuuliza tena, akataka kujua mjukuu wake anaendeleaje shuleni.